Kumtafuta Mwenye Uzi Mwekundu

Kila mmoja wenu ananiuliza habari ya safari hii kuanzia mkiani. Tukiwa kwenye majani ya chai, tukiwa mtoni, hata kanisani wakati watu wamefumba macho, swali ni lile lile: ni kweli yule Mhindi tajiri alilia? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimeandika yote hapa, na Chepkirui mwenye sauti nzuri atawasomea siku lori la majani likichelewa. Atakayeuliza habari ya kulia kabla hatujafika huko, mnyamazisheni.

Wengine wenu mliolewa huku Kimulot juzi, kwa hivyo nianze na jambo lililonitoa nyumbani.

Nilipokuwa mdogo, kabla sijaanza shule, alikuwako kijana Mhindi aliyezunguka milima hii na baiskeli akitengeneza cherehani. Jina lake Jivan. Baba alimwita Fundi. Siku moja baba alimkuta ameanguka kando ya njia ya msituni, homa imemshika, akambeba mgongoni mpaka kwetu. Alilala kwetu mpaka akapona. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na mara ya kwanza alipoona ile rangi ya majivu ndani ya maziwa alidhani tunataka kumuua. Mama alikunywa kwanza ndipo akakubali.

Akaenda zake. Muda ukapita. Asubuhi moja tukaamka tukakuta mtamba mweusi amefungwa kwenye nguzo ya lango, na kwenye pembe yake kumezungushwa uzi mwekundu. Mtu hayupo. Jirani alisema amemwona Fundi akiteremka na baiskeli kuelekea Sotik, hata hakusalimia.

Baba alimzunguka yule mtamba, akasema Fundi ametuachia ng'ombe tumtunzie, kwa sababu mjini hakuna nyasi. Nyinyi mnajua desturi yetu. Ng'ombe wa zawadi huja na mtu, na maneno, na watu wakisikia. Ng'ombe anayekuja kimya ni wa kutunzwa. Ule uzi baba aliuona kuwa alama ya mwenyewe. Tukamwita yule ng'ombe Mashini, na kila ndama wa ukoo wake baba alimfunga uzi mwekundu shingoni. Maziwa tulikunywa, hiyo ni haki ya mtunzaji. Lakini kuuza hakuuza hata mmoja, hata mama alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho.

Baba naye alipokufa, mimi, Chelangat, niliacha shule darasa la sita nikashika nyumba na wadogo zangu watatu: Kiprono, Chepkoech na Kibet. Uzi niliendelea kuufunga.

Mwaka huu baba mdogo alikuja na fimbo yake akasema ng'ombe za marehemu ni za ndugu yake. Sitaki mumchukie. Miaka ile ya njaa ni yeye aliyetuletea mahindi, na sasa ana kijana wa kuoza. Lakini mpango wake ulikuwa ng'ombe waende kwake, Kiprono atoke shule awafuate kuwachunga, Chepkoech apelekwe kwa shangazi, na mimi nibaki na Kibet na vichaka vya chai. Nikamwambia hao si ng'ombe za baba, ni za Fundi. Akacheka, akasema Fundi hata akifufuka hatakumbuka njia.

Tulipelekana kokwet, mbele ya wazee wa mtaa. Wakaamua hivi: kama wana mwenyewe, basi tulisikie neno kinywani mwake kabla ya kikao kijacho. Akikosekana, ng'ombe waende kwa baba mdogo.

Nikajaza kibuyu mursik ya mjukuu wa Mashini, nikakifunga shingoni uzi mwekundu, kwa sababu baba alikuwa akisema mwenye ng'ombe lazima aonje maziwa yake. Nikatoka.

Kimulot mpaka Sotik

Niliomba nafasi kwenye lori la majani, nikakaa mbele na dereva. Ni Mkisii, anaitwa Nyakundi, mtu ambaye mdomo wake hauna breki hata kama lori linazo. Nilikuwa nimepakata kibuyu ndani ya shuka kisipasuke kwenye mashimo.

"Dada, unashika hiyo kibuyu kama mtoto," akasema. "Sasa baba yake ni nani?"

"Ni Mhindi," nikajibu, nikifikiria mwenye maziwa. "Ndiye naenda kumtafuta."

Alinyamaza mpaka tukavuka daraja. Halafu akaanza kunipa pole kwa sauti ya chini, akisema hata dada yake mwenyewe alidanganywa na karani, na kwamba mtoto ni baraka. Nilikuwa nimechelewa kuelewa. Nilipoelewa nikaeleza, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa huruma. Basi mnaosema mlisikia nina mtoto wa Kihindi, sasa mnajua habari ilipanda lori gani.

Lori lilizama kwenye matope kabla ya kufika kiwandani, na majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia. Tulikata matawi tukaweka chini ya magurudumu. Nyakundi alinikatia viazi vitamu vyake na hakukubali nisukume. "Mtu wa hali yako," alisema. Nikala viazi nikinyamaza, kwa sababu njaa ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Kutoka kiwandani nilitembea, nikapata trekta la maziwa, nikafika Sotik nguo zimekauka mwilini na matope yake.

Sotik

Nilijua duka la zamani la Fundi kwa maelezo ya baba: mlango wa kijani, mkabala na mahali pa kupima maziwa. Mlango ulikuwepo. Ndani hakukuwa na cherehani hata moja, kulikuwa na magunia ya viazi na mama mmoja wa Kikuyu aliyekaa juu yao akichambua maharagwe. Anaitwa Mama Njeri. Alinunua duka hilo Jivan alipohama.

Alikuwa mkarimu sana. Alinipa githeri ya moto kwenye bakuli, na kabla sijameza kijiko cha pili akauliza kibuyu nauza pesa ngapi. Nikamwambia hakiuzwi, ni cha Jivan, nimemletea kutoka nyumbani. Akaniangalia uso, akaangalia tumbo, akaangalia ule uzi mwekundu.

"Msikize mama," akasema, "hawa watu hawakubali hivyo tu. Wewe nenda kwa DO wa serikali, umpeleke na chifu wenu."

Nikacheka mpaka githeri ikanipalia. Safari hii nilieleza kutoka kwa mtamba mpaka kwa baba mdogo, na yeye alielewa, kwa sababu kwao pia shamba la marehemu lilikuwa limeleta maneno. Ni yeye aliyenieleza Jivan alivyoondoka na mifuko yake ya bisibisi. Alitoka kwenye cherehani akaingia kwenye taipuraita, kisha mashine za kujumlisha za maduka na benki. Siku hizi, alisema, anauza kompyuta, mashine kubwa kama kabati ambayo inafanya hesabu ya watu elfu na haichoki. Ana nyumba Nairobi, ana magari. Lakini wiki hii alikuwa Kericho akiiwekea kampuni moja ya chai mashine mpya.

Nilitaka kulala njiani kuliko kungoja, lakini basi la Kericho lilikuwa limeharibika, na Mama Njeri akanitandikia magunia matupu nyuma ya duka. Alinifunika kwa koti lake mwenyewe.

Sotik mpaka Kericho

Basi lilipotengenezwa lilipita Kapkatet na Litein, mahali ambapo ningefika bila kugusa Sotik kama ningejua. Nilijifariji kwamba kwa njia hiyo nisingekula githeri ya Mama Njeri.

Kericho ilitupokea na mvua ya mawe. Abiria walifunga madirisha, na wanawake wote waliolima chai walitazama nje bila kusema neno. Mawe yalivyopiga, kila mmoja alikuwa akihesabu vichaka vyake vya nyumbani. Mzee mmoja alisema kwa Kipsigis kwamba mawe hayajui cha mzungu wala cha nani, na hilo ndilo neno pekee lililosemwa mpaka yakakoma.

Kwenye ofisi za ile kampuni askari wa lango alinikataza kuingia. Nilikaa nje kwenye ukingo wa saruji na kibuyu changu. Wasichana wa ofisini walipotoka kula, mmoja wao, mtu wa Kipkelion, alinisalimia chamgei, na nilipojibu akakaa nami. Aliniambia kazi yake ni kutoboa matundu kwenye kadi: kilo za kila mchumaji zinakuwa matundu, kadi inaingizwa kwenye mashine, mashine inatoa mshahara. Makarani wazee wa ofisi hawampendi Jivan. Wanasema kabati lake litakula viti vyao. Lakini msichana mwenyewe alisema, Jivan akiingia ofisini huwa anaanza kwa kumsalimia mfagiaji.

Na hayupo, akaniambia. Ameenda Kipkelion, masanduku ya mashine yameletwa na garimoshi na lori la kuyabeba limekwama.

Kikao cha wazee kilikuwa kinakaribia. Yule msichana alinipa mkate wake nusu, akanisindikiza mpaka mahali lori la mahindi linapopakia, akaniombea kwa dereva. Jina lake sikuuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Kericho mpaka Kipkelion

Barabara ile inateremka na kupanda kama mtu asiyejua anachotaka. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama kila soko, akashuka, akanywa chai, akapanda. Nilianza kumchukia bila sababu. Kwenye soko la mwisho alirudi na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja, akasema alisikia naenda kutafuta mtu na mtu anayetafuta husahau kula. Nikaona haya.

Stesheni ya Kipkelion, ambayo wazee bado wanaiita Lumbwa, ilikuwa na watu wachache na maji mengi. Ndani ya banda la mizigo paa lilikuwa likivuja. Nilimkuta mtu mfupi mwenye mvi amesimama kati ya masanduku makubwa ya mbao. Koti lake zuri amelitandaza juu ya sanduku moja, mwavuli wake ameufungua juu ya jingine, na yeye mwenyewe ameloa kama kuku. Alikuwa akibishana na mkuu wa stesheni kuhusu turubai.

Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama na mkono kiunoni, kama aliposimama mlangoni kwetu akijaribu nguvu za miguu baada ya homa.

Nilingoja wamalize. Kisha nikampa kibuyu kwa mikono miwili.

"Iko nini ndani?" akauliza.

"Onja, Fundi. Ni ya kwako."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita Fundi siku nyingi, hilo niliona. Alifungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai. Akaona ile rangi ya majivu. Akanyanyua uso, akanitazama vizuri.

"Mama yako alikunywa kwanza," akasema.

Nikamwambia mama hayupo, na baba hayupo. Alikaa juu ya sanduku. Alikunywa maziwa yote ya kifuniko, akamimina mengine. Ndipo nikamwambia ng'ombe zake ni wazima, wamezaa, na wazee wanamngoja aseme ni zake.

"Ng'ombe gani? Mimi sina ng'ombe."

Nikamkumbusha mtamba mweusi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja alikuwa amemlipa kwa mtamba huyo baada ya kumtengenezea cherehani, naye Fundi akampeleka kwetu alfajiri. "Ile ilikuwa zawadi," akasema. "Nilimpa baba yako. Ile uzi ni ya kumpamba. Kwetu ng'ombe ya kutoa inapambwa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mama yake alimfundisha kwamba zawadi ikitangazwa inageuka majivuno, kwa hiyo hutolewa kimya, mtu asijue. Hata mkewe hajui habari ya mtamba huyo.

Nilikaa chini palepale kwenye maji. Mnaona nilipokuwa? Nilisafiri njia yote nimtafute mwenye ng'ombe, nimempata, naye anasema ni za baba, kama alivyosema baba mdogo. Na zikiwa za baba, ni za baba mdogo.

Nikamwambia yote, Kiprono na shule, Chepkoech na shangazi. Nikamwomba aje, aseme neno moja tu: "Ng'ombe ni zangu."

"Kuja nitakuja," akasema. "Lakini uwongo mbele ya wazee siwezi, mtoto. Baba yako alinibeba mgongoni. Nitamwibia ng'ombe yake akiwa kaburini?"

Kipkelion kurudi nyumbani

Lori lake lilipotolewa matopeni na masanduku kupakiwa, tuliyapeleka kwanza Kericho, na hakuondoka mpaka ameona yameingia pakavu. Kisha tukaendelea na gari lake. Alikuwa na chapati na viazi vya manjano kwenye kopo, tukala njiani. Nyama hali, na aliniuliza mara mbili kama mursik haina damu. Nikamwapia.

Njia nzima sikujua nampeleka shahidi wangu au shahidi wa baba mdogo. Nilijaribu kumlaumu nikashindwa. Alinisimulia alivyoshuka melini kijana bila ndugu, na jinsi benki moja ilivyotupa mashine mbovu, naye akainunua kwa bei ya chuma, akaifungua yote chumbani mwake na kuifunga tena mpaka ikafanya kazi. Hapo ndipo utajiri wake ulipoanzia. Nikamuuliza kama hiyo kompyuta inajua kila mchumaji amechuma kiasi gani.

"Haijui kitu," akasema. "Inajua ile umeiambia. Mtu anaweza kuchuma mchana kutwa, kweli kabisa, jua limemwona. Kama kadi yake haikuingia, kwa mashine hakuchuma."

"Hata kama ni kweli?"

"Hata kama ni kweli."

Nikasema wazee wetu ni hivyo hivyo. Ng'ombe asiyesemwa hajatolewa. Alitazama chai inavyopita dirishani, kilima baada ya kilima. Tulipopita Litein akaniuliza majina ya wadogo zangu, akayarudia polepole. Chepkoech lilimshinda, akalisema kila tulipopanda mlima.

Malishoni

Kikao kilikuwa kwenye malisho ya chini, na wengine wenu mlikuwepo nyuma ya ua mkijidai mnaokota kuni. Baba mdogo alikuwa amefika na kijana wake. Ng'ombe wa mtaa mzima walikuwa wakila nyasi pamoja, na mzee wa kokwet akamwambia Jivan, kwa Kiswahili, aonyeshe zake ni zipi.

Yeye hakuwa amewaona tangu yule mtamba mmoja. Alitembea katikati yao na viatu vyake vya mjini. Akaona uzi mwekundu kwenye shingo ya ng'ombe mweusi. Akaona mwingine, kwenye ndama. Akaona mwingine. Nyuzi nyingine zilikuwa mpya, nyingine zimefifia mpaka zimekuwa rangi ya udongo, za mkono wa baba. Alisimama pale na kiganja chake juu ya mgongo wa ng'ombe, akatugeuzia mgongo wake.

Aliporudi alisema ni moshi umemwingia machoni. Nyinyi mnajua malishoni kwetu hakuna moshi. Basi, hilo limejibiwa.

Mzee akamuuliza: ng'ombe hawa ni zako?

"Mimi nilimpa marehemu," Jivan akasema. "Ilikuwa zawadi."

Baba mdogo akapiga fimbo chini mara moja. Mimi niliangalia miguu yangu. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akamuuliza nani alisikia akitoa. Hakuna. Marehemu alipokea kamba mkononi mwake? Hapana, aliifunga kwenye nguzo. Alisema neno lolote? Hakusema.

Wazee walizungumza wao kwa wao, hawakukawia. Kisha mzee akasema moyo wa mgeni wameusikia na ni moyo mzuri, lakini hapa ng'ombe hatolewi kwa moyo, hutolewa kwa mdomo. "Marehemu alikufa akiwa mtunzaji. Ng'ombe ni zako mpaka leo. Unataka wakae, wakae. Unataka kuwatoa, hiki ndicho kikao, na sisi tuna masikio."

Jivan alinitazama. Nadhani alikumbuka kadi isiyoingia. Alishika kamba ya ng'ombe mweusi, na mtu huyo anayewauzia wakubwa wa Nairobi mashine za kujaza chumba alitetemeka sauti kama mtoto wa shule, kwa sababu alikuwa akivunja fundisho la mama yake.

"Ninawapa hawa ng'ombe," akasema, "watoto wa mtu aliyenibeba. Chelangat. Kiprono. Chep... Chepkoech. Kibet."

Akaweka kamba mkononi mwangu. Wazee wakaitikia. Baba mdogo akasimama akanijia, nikafikiri atanigombeza. "Basi nimesikia," akasema. "Ila huyo dume mwenye doa, binamu yako ataoa na nini?" Watu wakacheka, naye akacheka. Yule dume nilimpa, nanyi mlicheza kwenye arusi.

Jivan alitaka nyuzi zikatwe, kwa kuwa si zake tena. Kibet alizikata moja moja kwa kisu. Alipofika kwa ndama mdogo wa ukoo wa Mashini nikamzuia. Nikamwita Jivan, na mbele ya wazee wale wale nikasema kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, kwamba huyo ni wake, nami ni mtunzaji.

Mtakapopita kwetu mtamwona. Uzi nimembadilishia, ule wa kwanza ulikuwa umeanza kumbana, maana anakua.